Pikipiki nzito ya safari: namna ya kwenda mbali kwa galoni moja

Pikipiki yangu ni Honda Gold Wing GL1800 ya mwaka 2008. Injini ina silinda sita zilizolala, tatu kulia na tatu kushoto, cc 1832, na uzito wake bila mtu wala mzigo unapita kilo 400. Naishi Kansas City, riziki yangu ni kuendesha lori la trela, na siku za mapumziko napanda pikipiki, mke wangu nyuma. Jamaa zangu wa Mombasa wakiona picha yake huniuliza: chuma chote hicho kinakula mafuta kiasi gani?

Kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu napata maili 40 hivi kwa galoni ya Marekani, yaani kilomita 17 kwa lita. Zipo siku inashuka hadi 32, na zipo siku inapanda hadi 45. Pikipiki ni ile ile na dereva ni yule yule. Wenye pikipiki za aina hii wengi huusingizia uzito, wakaanza kupunguza nguo begini. Uzito una hesabu yake, nami nitaifikia, lakini ukishatoka mjini anayekula mafuta yako ni hewa.

Pima kwanza

Kabla ya kubadili chochote, ujue unatumia kiasi gani kwa hakika. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Kwa hiyo mwenye pikipiki wa Uingereza akisema anapata maili 50 kwa galoni, hajakushinda. Huyo na wewe wa Marekani unayepata 42 mko sawa. Ukitaka kilomita kwa lita, chukua maili kwa galoni ya Marekani uzidishe kwa 0.425. Ukitaka lita kwa kila kilomita 100, gawanya 235 kwa idadi ya maili.

Jaza tangi hadi alama unayoweza kuitambua tena, anza kuhesabu maili kutoka sifuri, tembea, kisha jaza tena hadi alama ile ile. Galoni ulizoongeza mara ya pili ndizo ulizochoma. Kwenye Gold Wing kuna jambo la kuangalia: tangi lenyewe liko chini ya kiti ili uzito ukae chini, na mdomo wa kujazia uko juu mbele yako. Hewa hunasa njiani, na bomba la pampu hukata mapema. Jaza polepole, na kila mara pikipiki isimame vile vile, ama kwa stendi kubwa ama kwa stendi ya pembeni. Ukichanganya, unaweza kukosea nusu galoni, na nusu galoni kwenye tangi la galoni 6.6 inatosha kukudanganya kwamba umegundua dawa.

Hakikisha pia kihesabu maili chako kinasema kweli. Barabara kuu za Marekani zina vibao vya maili pembeni. Anzia kibao chochote, tembea hadi cha ishirini mbele yake, ulinganishe. Ukibadili aina ya tairi la nyuma, rudia kipimo. Kuna wenye Gold Wing wanaofunga tairi la gari nyuma ili lidumu; mzingo wake si ule wa tairi la pikipiki, na hesabu zote za zamani zinakuwa hazifai.

Tangi moja halina maana. Mimi huandika kwenye daftari dogo ninaloliweka kwenye boksi la pembeni: maili, galoni, mwendo niliokuwa nao, upepo ulikotoka, mzigo. Matangi matano sita yakifuatana ndipo picha inapotokea.

Hewa

Nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma haiongezeki sawa na mwendo. Inaongezeka kwa mraba wake. Ukitoka maili 60 kwa saa hadi 75, mwendo umepanda kwa robo, lakini kani ya hewa imepanda kwa asilimia 56. Pikipiki ya safari ina kifua kipana: kioo kikubwa, boksi mbili za pembeni, boksi la nyuma, miguu ya watu wawili. Kwenye mwendo wa maili 70, sehemu kubwa ya kazi ya injini ni kuipasua hewa hiyo, na mzigo uliobeba unachangia kidogo tu.

Kwenye pikipiki yangu, siku isiyo na upepo, maili 65 kwa saa hunipa 43 kwa galoni, na 75 hunipa 37. Chukua safari ya maili 250. Kwa 65 utatumia saa 3 na dakika 51, na galoni 5.8, tangi moja linakufikisha. Kwa 75 utatumia saa 3 na dakika 20, lakini utahitaji galoni 6.8 hivi, na tangi halina. Lazima usimame. Kusimama na abiria si kugusa tu na kuondoka: glavu zivuliwe, kofia zitoke, mtu aende msalani, maji yanunuliwe. Dakika 31 ulizokimbilia zinabaki kumi, pengine kumi na tano.

Lakini usiende maili 60 kwenye barabara ambayo wenzako wote wanakwenda 80. I-70, barabara kuu inayokatiza Kansas kwenda magharibi, inaruhusu 75 huko, na malori mengi yamefungiwa mwendo wa 65 au karibu yake. Pikipiki inayokwenda 65 pale itajikuta kati ya malori na kupitwa na kila gari dogo. Kwa hiyo mimi nina njia mbili. Nikiwa I-70 nakwenda 70 na kukaa mbali na wengine. Nikiwa na nafasi ya kuchagua, natumia US-36 au US-50, ambako 65 ni mwendo wa kawaida, mashamba yanaonekana, na mke wangu anaweza kunionyesha kitu kabla hatujakipita.

Upepo ni sehemu ya mwendo wako, hata kama mshale wa spidi hauuoni. Ukienda 70 huku upepo wa maili 20 unakuja usoni, hewa inakukuta kwa 90, na kani yake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya siku tulivu. Ukishuka hadi 60, hewa inakukuta kwa 80, na ongezeko linabaki chini ya theluthi moja. Siku ya upepo mkali maili kumi za mwendo zina faida kuliko kitu chochote unachoweza kununua dukani.

Kansas upepo mwingi hutoka kusini. Anayeshuka I-35 kwenda Oklahoma City anaupokea usoni, anayerudi anasukumwa. Anayekwenda magharibi kwa I-70 anaupata ubavuni, na huo wa ubavuni nao unakula mafuta, kwa sababu pikipiki haikuundwa kupasua hewa kwa upande. Upepo wa uwanda ule huwa mdogo alfajiri, ukaamka na jua, ukawa mkali mchana. Ukitaka faida isiyokugharimu senti, ondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi, ufanye sehemu ngumu ya safari kabla ya saa nne.

Kioo cha mbele shusha kadiri unavyoweza huku bado kichwa hakipigwi. Kwenye GL1800 za hadi 2017 kinashushwa kwa mkono baada ya kufungua vishikio viwili vya pembeni. Za kuanzia 2018 kinapanda na kushuka kwa umeme. Mtu mrefu na mfupi hawapigwi na upepo mahali pamoja, kwa hiyo usiige kipimo cha mwenzako. Mabegi ya juu ya boksi la nyuma, bendera kubwa, viti vya kukunja vilivyofungwa kwa kamba, vyote hivyo viko katikati ya mkondo wa hewa. Vitu vizito viingie boksi za pembeni, vyepesi boksi la nyuma, na kisichoingia ndani kibaki nyumbani.

Usijifiche nyuma ya lori

Hili nalisema kama dereva wa lori. Wapo wanaofundishana kwamba ukikaa karibu na mkia wa trela, hewa inapasuliwa na lori na wewe unapita bure. Ni kweli kwamba hewa inapungua pale. Lakini ukiwa karibu kiasi cha kupata faida hiyo, mimi niliye mbele sikuoni. Vioo vyangu vinaonyesha ubavu wa trela. Nyuma ya milango ni giza kwangu. Tairi la trela likipasuka, ganda lake huruka nyuma, zito, lina nyaya za chuma, na halitoi onyo. Mnyama akiwa amelala barabarani, lori linampitia katikati ya magurudumu na wewe unamkuta mbele ya gurudumu lako. Na ukirudi nyuma kidogo ili uwe salama, unaingia mahali hewa inapovurugika, kichwa kinatikiswa, na faida yenyewe imekwisha. Kaa mbali au upite. Ukipita, pita moja kwa moja, usikae ubavuni mwangu.

Hesabu ya uzito

Chukua pikipiki, watu wawili na mizigo: kilo 600. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ina kilomita 480 hivi na inapanda mita 1,700 kutoka pwani. Kuinua kilo 600 mita 1,700 kunahitaji megajuli 10. Lita ya petroli ina megajuli 32, na injini hugeuza kama robo yake tu kuwa mwendo. Kwa hiyo mlima wote huo, kutoka Likoni hadi Nairobi, unadai lita moja na robo, katika safari itakayokula lita 27 au 28. Na ukirudi, sehemu yake unarudishiwa kwenye mteremko.

Kansas nako kuna mlima ambao watu hawauoni. Kansas City iko mita 280 hivi juu ya bahari, na Goodland, karibu na mpaka wa Colorado, ni mita 1,100 na zaidi. Macho yanaona tambarare tupu, kumbe unapanda kutwa. Gharama yake haifiki lita moja. Ukiona tangi la kuelekea magharibi limeisha mapema, laumu upepo kabla ya kulaumu mwinuko.

Mwinuko hata una zawadi. Denver, mita 1,600, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya pwani, kwa hiyo upinzani wake unapungua kwa mwendo ule ule. Anayeendesha kati ya Nairobi na Nakuru anaipata faida hiyo hiyo bila kujua.

Uzito unauma unaposimama na kuondoka. Kuitoa pikipiki hiyo ya kilo 600 kwenye kusimama hadi maili 70 kwa saa kunachoma karibu mililita 40, yaani kikombe cha kahawa ya barazani kisichojaa. Ni kidogo kwa barabara kuu, ambako unafanya hivyo mara chache kwa siku. Mjini, kwenye taa kila mtaa, vikombe vinajumlishwa, na ukivunja mwendo kwa breki ulichonunua chote kinageuka joto kwenye diski. Kwa hiyo mjini angalia mbali. Ukiona taa nyekundu huko mbele, rudisha mkono wa mafuta mapema, acha gia ishike, uikute taa imegeuka. Injini ya injekta ikiwa kwenye gia na mkono umefungwa, kwa kawaida hukata mafuta kabisa. Ukibonyeza klachi na kuteleza, inabidi ichome ili isizime. GL1500, iliyotangulia, ilikuwa na kabureta, na haikuwa na faida hiyo.

Ingia gia ya tano mapema. Kwenye GL1800 yenye gia tano, taa ya OD inawaka ukifika ya tano, na mimi nipo hapo kuanzia maili 50 hivi. Injini hii ina nguvu tangu chini, haihitaji kupigiwa kelele. Usiilazimishe pia: ikitetemeka na kukoroma unapofungua mafuta, shusha gia moja.

Abiria wako usimhesabu. Kwa barabara kuu, mke wangu na mabegi yake wananipunguzia kama maili moja kwa galoni, na nafurahi kuilipa.

Vinavyovuta bila kuonekana

Matairi ya GL1800 yanataka psi 36 mbele na 41 nyuma, yakiwa baridi, kabla hujaondoka. Hali ya hewa ikishuka kwa nyuzi 10 za Farenhaiti, upepo wa tairi unashuka kama psi 1. Asubuhi ya Oktoba tairi ulilojaza Agosti limeshapungua. Usipime baada ya kutembea ukatoa hewa kwa sababu namba imepanda. Imepanda kwa joto, na ndivyo inavyotakiwa.

Breki ya nyuma ipe umakini wa pekee. Mwishoni mwa 2011 Honda iliziita GL1800 nyingi zilizotengenezwa tangu 2001 zirudi karakana, kwa kuwa breki ya nyuma iliweza kubaki imeshika hata baada ya kuachia. Breki inayoshika inakula mafuta, lakini hilo ndilo dogo; inaweza kupata moto hadi kuwaka. Ukinunua iliyotumika, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali la usalama barabarani, uone kama kazi ilifanyika. Kisha ukitoka safari, weka stendi kubwa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Lizunguke. Kama linasimama hapo hapo, au unahisi joto kali ukisogeza kiganja karibu na diski, usiondoke nayo.

Filta ya hewa ya Gold Wing imezikwa chini ya mapambo ya juu, na kuifikia ni kazi ya kufungua vipande vingi. Ndiyo maana pikipiki nyingi za mkono wa pili zimebadilishwa oili kwa uaminifu na filta ikaachwa. Muulize muuzaji lini ilitolewa. Akisita, iweke kwenye bei. Angalia pia mshale wa joto. Ukitembea nusu saa na bado uko chini, huenda themostati, mlango wa maji ya kupozea injini, imekwama wazi, na injini inayojiona baridi inaendelea kumwaga mafuta ya kuwashia.

Mafuta yenyewe

GL1800 imeundwa kwa petroli ya kawaida, oktani (namba ya petroli inayoandikwa kwenye pampu) 86 kwenda juu kwa hesabu ya Marekani. Namba 87 ya pampu inatosha. Kuinywesha 91 hakuongezi hata maili. Pikipiki za safari za Harley-Davidson zinataka 91, kwa hiyo fuata kitabu chako, usifuate jirani. Na usilinganishe namba za hapa na za Afrika Mashariki au Ulaya, maana zinapimwa kwa njia mbili. 95 ya huko ni kama 90 au 91 ya hapa.

Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli, aina ya pombe, asilimia 10, na hiyo ina nguvu pungufu kwa asilimia 3 hivi kuliko petroli tupu. Iowa, Missouri na Oklahoma utakuta vituo vinavyouza isiyo na ethanoli. Piga hesabu: kama inazidi bei kwa zaidi ya asilimia 3, mfuko wako haufaidiki. Mimi hununua mwishoni mwa msimu tu, pikipiki inapokwenda kulala miezi ya theluji, kwa sababu ethanoli inavuta maji.

Pampu ya E15, yaani petroli yenye ethanoli hadi asilimia 15, ambayo mara nyingi imeandikwa 88 na bei yake inavutia, hairuhusiwi kwa pikipiki. Sheria ya Marekani imeikataza kwa pikipiki zote, mpya na kuukuu. Soma kibandiko kabla ya kuinua bomba, hasa Iowa na Nebraska, ambako pampu hizo ni nyingi na namba 88 inaonekana bora kuliko 87.

Tangi na ramani

Kwa maili 40 kwa galoni, tangi la galoni 6.6 linafika 264 kwenye karatasi. Mimi hujaza kati ya 180 na 200. Pampu ya mafuta iko ndani ya tangi na inapozwa na mafuta yenyewe, kwa hiyo kuiburuza kila siku hadi tone la mwisho kunaifupishia maisha. Wenye Gold Wing za 2018 na kuendelea wana tangi dogo zaidi, galoni 5.5, wasiige vituo vya wenye za zamani.

Ukivuka magharibi, panga vituo kwa maili utakazopata siku ya upepo mbaya. I-70 ndani ya Utah, kutoka Green River hadi Salina, ina zaidi ya maili 100 bila kituo cha mafuta, na njia inapanda milima. Nikifika Green River najaza hata kama tangi lina zaidi ya nusu, napima upepo wa matairi kama tumelala hapo, mke wangu ananunua matikiti ya mji ule yakiwa na msimu, tunayala pale pale kivulini kwa kuwa boksini hayaingii, ndipo tunaondoka.